Barua tamu za vyuo vikubwa: majibu ya maswali yenu

Maswali yamekuwa mengi kuhusu barua ambazo vyuo vikubwa vya Marekani huwatumia wanafunzi wa sekondari. Nimechukua manne.

Binti yangu yuko darasa la kumi na moja. Chuo maarufu kimemwandikia kwa jina lake, eti kimevutiwa naye. Wameshamchagua? (Mama, Columbus, Ohio)

Hapana, mama, na inaniuma kukwambia hivyo. Barua hizo nimezishika mkononi: karatasi nzito, picha ya jengo la mawe na majani mekundu, jina la mtoto kama limeandikwa kwa kalamu. Nyumba moja niliikuta imebandikwa kwenye friji, juu ya bili ya umeme.

Huenda binti yako alikubali vyuo vimwandikie kupitia College Board, shirika lenye mitihani ya PSAT na SAT ambayo wanafunzi wa sekondari hufanya kabla ya chuo. Mwanafunzi akikubali, shirika hilo huviuzia vyuo haki ya kutumia jina lake. Mwaka 2019 jina moja lilikuwa senti 47. Chuo hutaja tu kiwango cha alama na maeneo kinayoyataka, kompyuta ikatoa orodha. Hakuna aliyekaa akamsoma yeye.

Kwa nini chuo kimwite mtu kitakayemkataa? (Minneapolis)

Ndugu yangu, tazama hesabu. Mwaka 2024 Harvard ilipata maombi 54,008 ikakubali 1,937, chini ya asilimia 4. Viti haviongezeki. Kila mwombaji mpya anaishusha asilimia hiyo, na watu wameshazoea kuamini kuwa chuo kigumu kuingia ndicho chuo bora. Jarida la U.S. News liliacha kutumia asilimia hiyo katika kupanga vyuo mwaka 2018, lakini mazoea hayajafa. University of Chicago katikati ya miaka ya 2000 ilikuwa ikikubali karibu 4 kati ya 10. Sasa ni kama 1 kati ya 20. Barua si sababu pekee, kwani siku hizi fomu moja ya maombi, iitwayo Common App, inapelekwa vyuo vingi, ila zimechangia.

Vyuo hujitetea kwamba vinawatafuta watoto wa vijijini na wa familia maskini ambao wasingethubutu kuomba. Kuna ukweli hapo. Wapo waliofunguliwa mlango na barua kama hiyo. Lakini kesi dhidi ya Harvard kuhusu rangi na udahili ilipofichua takwimu zake, mchumi Peter Arcidiacono na wenzake walionyesha kuwa chuo kiliwahimiza waombe Wamarekani Weusi wengi ambao kwa alama zao hawakuwa na nafasi yoyote ya maana. Arcidiacono alikuwa shahidi wa upande wa walalamikaji, nalo tulijue. Hata hivyo hao ni watoto wanaofanana na wetu, na kwangu kumtia mtoto tumaini ili kupamba takwimu ni dhuluma.

Niko Nairobi, napata baruapepe kila siku. Nilipe ada ya maombi? (Kijana wa miaka 18)

Usilipe kabla hujaomba kusamehewa, mwanangu. Vyuo vikubwa vingi hutoza kati ya dola 75 na 90, na vingi huwasamehe wasio na uwezo. Kisha uliza kuhusu ufadhili. Vyuo vingi huangalia kwanza kama mwanafunzi wa kigeni anaweza kulipa. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst ni miongoni mwa vichache visivyofanya hivyo, nako ushindani ni mkali mno. Nenda EducationUSA, ofisi za ushauri za serikali ya Marekani, wapo Nairobi na Dar es Salaam. Tafuta pia hati ya takwimu iitwayo Common Data Set ya kila chuo, sehemu C, ya udahili. Alama zako zikiangukia kwenye robo ya chini ya waliojiunga, chuo hicho kiwe cha kubahatisha, kimoja au viwili basi.

Mwanangu amekataliwa na vyuo vyote 9 vilivyomwandikia. Hatoki chumbani. (Baba, Houston)

Pole sana, baba. Kaa naye, umweleze hizo senti 47. Ajue kwamba barua zilipokuja hakuna aliyekuwa amempima, na kwamba vyuo hivyo huwakataa maelfu wenye uwezo kamili wa kusoma pale. Mwache alie kama anataka.

Halafu kuna kazi. Mwezi Mei NACAC, chama cha washauri wa udahili, hutoa orodha ya vyuo ambavyo bado vina nafasi, vingine na ufadhili. Ifungueni pamoja, kwenye simu yake, siku itakapotoka.