Mwembe ukatwe tuweke pevingi?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mie niko Tabata, Dar, na hili joto la Januari limetushinda, usiku bati bado linatema moto, feni inapuliza hewa ya moto tu. Upande wa magharibi tuna mwembe mkubwa, mume wangu anataka tuukate tumwage pevingi gari ipate pa kukaa, eti tutapanda miashoki ukutani kufidia. Kweli miti inapunguza joto au ndo stori za watu wa mazingira? – Mama wa Tabata

JIBU: Mama, huo mwembe msiuguse! Tena uko upande wenyewe, maana jua la kuanzia saa nane mchana linapiga ukuta wa magharibi, ukuta unameza joto halafu unawatemea usiku mkiwa mmelala, na pevingi nazo zina tabia hiyohiyo, ndo mana uwanja uliofunikwa wote unawaka hadi saa tatu usiku.

Mti unafanya kazi mbili: kivuli, na maji yanayotoka kwenye majani kama mvuke yakibeba joto. Ila kwa Dar hewa imejaa unyevu (si ndo mana jasho halikauki), so hiyo ya pili haina nguvu sana kama Dodoma, huku kwetu kivuli ndo mpango mzima. Sasa miashoki, samahani kwa wanaoipenda, imesimama wima na mijembamba, ni fensi tu ile, kivuli chake hakitoshi hata kuku. Mkitaka kuongeza pandeni mwarobaini au mkungu, mbali kidogo na shimo la choo na msingi wa nyumba.

Na sio stori. Medellín kule Kolombia walianza 2016 kupanda miti na vichaka pembeni ya mabarabara na mifereji, korido 30, na jiji lenyewe linasema joto maeneo hayo limeshuka kama nyuzi 2. Mti mmoja hautapoza Tabata nzima lakini chumba chenu mtaona tofauti.

Gari je? Mwambie baba wekeni mistari miwili tu ya pevingi pa kupita matairi, katikati nyasi, mizizi ipate maji ya mvua, na gari ikae hapohapo kivulini. Msimu wa embe isogezeni, embe bichi likidondoka kwenye kioo cha mbele mtanitafuta.