Muulizeni kibali, si hati: majibu kwa wasomaji

Jirani anamwaga kifusi kwenye kinamasi nyuma ya nyumba zetu. Anasema ana hati ya ardhi. Tufanyeje? (Wakiso)

Hati isiwatishe. Ibara ya 237 ya Katiba ya Uganda ya 1995 imeiweka serikali kuwa mdhamini wa vinamasi kwa niaba ya wananchi wote, na hati iliyotolewa juu ya kinamasi baada ya hapo haina nguvu. Hata mwenye haki ya zamani lazima apate kibali cha NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kabla ya kujaza udongo, kwa hiyo muulizeni kibali. Pigeni picha za malori, namba za usajili zionekane. Mwandikieni afisa mazingira wa wilaya, nakala kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Malalamiko ya mdomo husahaulika mara moja.

Fanyeni hivyo wiki hii. Mafunjo ndiyo yanayopunguza kasi ya maji ya mvua na kunasa matope. Yakifukiwa, maji yatapita sebuleni kwenu. Na nyumba ikishasimama, kuibomoa kunaumiza watu ambao pengine waliuziwa kiwanja bila kujua. Tuliona machungu hayo kwenye kinamasi cha Lubigi, Kampala, mwaka 2024. Kwangu mimi, sera inayongoja watu wahamie ndipo ilete tingatinga imechelewa mno.

Kaveera (mifuko ya plastiki) si zilipigwa marufuku? Mbona zimejaa sokoni? (Busia)

Zilizopigwa marufuku ni zenye unene chini ya mikroni 30 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), tangu 2009, na sheria ya mazingira ya 2019 ikarudia katazo hilo. Sasa, nani sokoni anaweza kupima mikroni kwa macho? Kumkamata mama anayefungia nyanya ni uonevu. Wakaguzi waende viwandani, na mpakani kwenu pia.

Nalima mahindi kando ya Nile. Niache mita ngapi? (Jinja)

Mita 100, kuanzia pale maji yanapofika mto ukijaa kabisa. Kwa Ziwa Victoria ni 200. Ndivyo zinavyosema kanuni za mwaka 2000.

Sina ardhi wala sijadhurika. Naweza kwenda mahakamani kutetea msitu? (Hoima)

Ndiyo. Ibara ya 39 ya Katiba inampa kila Mganda haki ya mazingira safi na salama, na ibara ya 50 inamruhusu mtu yeyote au shirika kufungua kesi haki za wengine zinapovunjwa. Tafuteni wakili mkiwa kikundi, gharama zigawanyike.