Barua kwa mwanangu: namba niliyoisema mimi

Hombolo, Dodoma
Machi

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara tatu, mara ya mwisho nikiwa nimejitenga kule kwenye mashine ya maji ili mtu asiniulize nasoma nini. Majibu marefu siwezi kuyaandika kwa kidole gumba, kwa hiyo nimeandika kwenye daftari la shamba, mdogo wako ananichapia. Akikosea herufi, mlaumu yeye.

Umeniambia mlianza kazi siku moja, wewe na yule kijana, msimu huu wa mavuno ya zabibu huko Stellenbosch, Afrika Kusini, kwenye ghala la mvinyo. Wiki ya tatu yeye ameshakabidhiwa matangi manne ya mvinyo mwekundu. Anapima joto asubuhi na jioni, anaamua maganda ya zabibu yanayoelea yasukumwe chini saa ngapi. Wewe unaosha sakafu, unavuta mipira ya maji, unabandika karatasi kwenye chupa za sampuli. Ukiuliza, unaambiwa matangi ni kazi nzito. Ndipo ukaniuliza: "Mama, nivumilie au nirudi nyumbani?"

Nilikujibu kwa neno moja, vumilia. Halafu usiku sikulala vizuri, maana jibu lenyewe sikulifikiria. Lilitoka tu, kama mtu anavyosema "pole" kwa aliyejikwaa.

Kwanza hilo la kazi nzito limenichekesha. Bibi yako alikuwa mpishi wa ujimbi, ile pombe yetu ya uwele, unajua. Aliloweka uwele, akauotesha, akauanika, akausaga kwenye jiwe mpaka mabega yanavimba, akakoroga uji kwenye pipa kwa mwiko unaonizidi urefu. Mtungi ukishajaa haubebwi na mtu mmoja. Na katika maisha yangu yote hapa Ugogoni sijaona mwanaume akiambiwa, hebu leo pika wewe hiyo pombe. Angechekwa kijiji kizima. Mambo ya kuchachusha yalikuwa ya akina mama, wanaume kazi yao ilikuwa kukaa kwenye vigoda na kusifia.

Namkumbuka akiinama na kuweka sikio kwenye mdomo wa mtungi, macho kafumba. "Bado inanong'ona," anasema, tunaondoka. Kesho yake anasikiliza tena. Joto alilipima kwa kiwiko, akikiegemeza ubavuni mwa mtungi, vilevile alivyopima maji ya kumwogeshea mtoto. Ukinieleza habari za chachu na sukari na joto la matangi, mimi namwona yeye na kiwiko chake. Kazi ni hiyohiyo. Ila mtungi umekuwa wa chuma, ukawekewa bomba na mshahara, basi umekuwa kazi ya wanaume. Uamuzi huo ulipitishwa kikao gani, mimi sikualikwa.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijawahi kukueleza vizuri.

Unaifahamu hadithi ya siku niliyombishia karani wa mizani ya mnunuzi wa zabibu. Nimekusimulia mara nyingi, na kila mara tumecheka. Ulikuwa darasa la nne, baba yako yuko kitandani, ada inadaiwa. Nilikuwa nimetoka kwenye mafunzo ya wakulima wa zabibu, tukifundishwa na bibi shamba mmoja hodari sana, ambaye wazee walimwita "bwana shamba" mpaka anahamishwa, eti ndiyo heshima. Yeye ndiye aliyetufundisha kupima sukari. Usichume vichala vizuri vizuri vya juu tu. Pita mistari yote, chukua punje upande wa jua na upande wa kivuli, juu na chini ya kichala, ziminye pamoja, tone moja kwenye kioo, elekeza kwenye mwanga, soma mstari. Asubuhi ile nilipima hivyo kwa kile kipima sukari cha kikundi. Zabibu zetu, zile za aina ya Makutupora nyekundu, zikasoma 21.

Tulifika mizani saa tatu, tukaitwa saa nane. Unalijua jua la saa nane hapa. Kreti zimeanza kuchuruzika, nyuki wamejaa. Karani akachukua punje mbili za kreti ya juu kabisa, akaziminya, akainua kioo chake, akasema: "Kumi na saba. Hizi bei ya chini."

Nikamwambia, "Ni ishirini na moja. Chukua za chini ya kreti, changanya, upime tena."

Hakunitazama. Alimtazama baba yako mdogo, aliyekuja kunisaidia kubeba tu, na ambaye kipimo kile hajakishika mpaka leo. Akamuuliza, "Mzee, huyu mama anasemaje?"

Shemeji, kwa nia njema kabisa, akasema: "Anasema ishirini na moja. Uchukue za chini."

Karani akachukua za chini. Ishirini na moja. Akaandika.

Hapo ndipo hadithi yangu huishia kila nikiisimulia, tunacheka, nachota ugali. Ila hapa kati huwa naruka. Siku zote nasema "nikamwambia, akapima tena." Sijawahi kukwambia kwamba maneno yangu yalibidi yapitie kwenye mdomo wa mtu mwingine ndipo yafike masikio ambayo yalikuwa hatua mbili kutoka kwangu. Na stakabadhi iliandikwa jina la baba yako mdogo. Fedha alinikabidhi zote mpaka senti, sina neno naye. Ada ikalipwa. Nilishukuru Mungu, nikanyamaza, na mwaka uliofuata nilimwomba tena shemeji aje asimame na mimi. Na uliofuata. Nikazoea kumnong'oneza namba ili aiseme yeye.

Ndiyo maana uliponiuliza, nilikupa "vumilia". Nilikuwa nakupa nilichofanya mimi. Kilinilipia ada, lakini hakikunifanya nisikike mizani, hata mara moja.

Wewe mwenyewe ndiye uliyenisomea habari za Ntsiki Biyela wa KwaZulu-Natal, wakati unaomba kwenda huko. Alitoka kijijini, alikuwa amefanya kazi za ndani, akapata ufadhili mwaka 1999 kwenda kusoma utengenezaji wa mvinyo hapohapo Stellenbosch, mvinyo wenyewe hajawahi hata kuuonja, masomo kwa Kiafrikana asichokijua. Akahitimu 2003. Mwaka uliofuata akaajiriwa kwenye kampuni ya mvinyo ya Stellekaya, akatengeneza mvinyo pale, na mwaka 2009 akatajwa mtengenezaji bora wa mvinyo kwa upande wa wanawake Afrika Kusini. Baadaye akaanzisha kampuni yake, akaipa jina la bibi yake, Aslina. Watu wakiisimulia habari hii wanaipenda ile sehemu ya uvumilivu. Mimi nimeiangalia upya wiki hii. Yule alivumilia ugeni wa lugha huku anafundishwa, akavumilia macho ya watu huku chupa zenye kazi yake zinatoka. Kuvumilia huku unafundishwa ni kitu kimoja. Kuvumilia huku unafichwa kazi ni kitu kingine, na mimi nilikuchanganyia hivyo viwili kwa neno moja la simu.

Na yule mjane Mfaransa uliyemsoma chuoni, Barbe-Nicole Ponsardin, aliyefiwa mwaka 1805 akiwa na miaka 27 akashika kampuni ya mvinyo ya familia ya mumewe, ghalani kwake ukaanza ule mtindo wa kuziinamisha chupa kwenye meza yenye matundu mpaka mashapo yashuke shingoni. Ulinieleza kwa furaha, mimi nikauliza swali moja tu: angekuwa na mume je? Ukasema sheria yao enzi zile ilimfunga mke wa mtu, mjane ikamwachia. Nilinyamaza kwa sababu na mimi shamba hili nimelipata kwa mlango huohuo. Baba yako alipofariki ndipo nilipojua kuna Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, inayosema haki ya mwanamke kwenye ardhi ni sawa na ya mwanaume. Nilikwenda nayo kwenye kikao cha ukoo, nikaisoma kwa sauti, mikono inatetemeka. Leo hati ya hakimiliki ya kimila ina jina langu. Lakini zabibu nilikuwa nimezipalilia miaka kumi na mmoja kabla ya hapo. Sitaki wewe usubiri mtu afe.

Basi jibu langu jipya ni hili, na ukiona halifai niambie.

Usirudi bado. Nenda kwa mkuu wa ghala, usiende kwa msaidizi wake, na usimuulize kama unaweza kupewa tangi. Mwombe tangi kwa namba yake, namba fulani, kuanzia siku fulani. Muulize ni kipi kwenye kazi ya lile tangi ambacho hujakionyesha. Ukirudi chumbani andika alichojibu, tarehe na saa, mtumie barua pepe ya kumshukuru yenye maneno yake hayohayo. Mtu akiona maneno yake kwenye maandishi, huyatafakari zaidi. Na yule kijana usimchukie. Muombe tu akuonyeshe vipimo vyake vya kila siku, uviandike kwenye daftari lako, ukisie kesho vitasomaje. Kama ana nia njema atakuonyesha. Ila akianza kukusemea mbele ya mkuu, mkatize. Hapo hapo. Usiogope kuonekana huna adabu. Mimi niliogopa hivyo hivyo.

Msimu ukiisha na bado umeshika ufagio, ondoka, nenda ghala jingine. Nyumbani pana mlango wazi siku zote na hutaulizwa kitu, lakini uje kwa sababu unataka kuja.

Kingine, hiki si ushauri, ni amri ya mama. Siku watakapokupa tangi, usije ukaingia ndani yake kulisafisha kwa sababu tu kuna mtu anakutazama aone kama utaogopa. Ulinieleza mwenyewe kwamba mvinyo ukichacha unatoa hewa nzito isiyo na rangi, inakaa chini, na mtu anazimia kabla hajajua. Muulize nani amepima hewa, na nani amesimama mlangoni. Wakikucheka, wakucheke ukiwa hai.

Huku tuko salama. Zabibu za mjomba wako, zile Chenin Blanc, ndege wamezishambulia, anashinda anapiga debe kutwa. Mdogo wako amekua, viatu vyako vya mvua vinamtosha, nimempa.

Zetu zinakaribia. Jana jioni nimepima: mistari ya chini karibu na bonde 19 na nusu, ya juu 21. Kipimo sasa ni changu mwenyewe, kile ulichoninunulia. Nadhani ya chini tuiache siku nne zaidi, wewe unaonaje? Lori la mnunuzi linakuja Alhamisi. Baba yako mdogo amepiga simu kuuliza kama aje asimame na mimi mizani. Nimemwambia aje, kreti ni nyingi na mgongo wangu si wa zamani. Ila namba nitaisema mimi.

Nijibu kuhusu ile mistari ya chini kabla ya Jumatano.

Mama yako