Mteja hawezi kuigusa picha

Swali la wiki liliuliza: je, mitandao ya kijamii na masoko ya mtandaoni yamemkomboa msanii, au yamempa bwana mwingine wa kumtumikia? Mimi ni mchoraji wa rangi za mafuta, na sehemu kubwa ya kazi zangu hununuliwa na watu ambao sijawahi kuonana nao ana kwa ana. Kwangu mimi yamesaidia sana, ila msaada wenyewe hauko pale wengi wanapoutafuta. Wasanii wengi wanahangaika na idadi ya wafuasi. Ninavyoona, picha inauzika au inabaki ukutani kwako kutegemea jinsi ulivyomwondolea mashaka mtu ambaye hawezi kuigusa.

Mtazame mtu aliyesimama mbele ya picha katika ukumbi wa maonyesho. Anaisogelea, anarudi nyuma, anaichungulia kwa ubavuni aone unene wa rangi, anakadiria kama itaenea sebuleni kwake. Mtandaoni hana nafasi ya kufanya hata kimoja kati ya hayo. Kwenye kioo cha simu, turubai ya mita nzima na kadi ya posta vina ukubwa uleule. Kwa hiyo picha ya kwanza naipiga kwa mbele kabisa, kamera ikiwa usawa wa katikati ya turubai. Naipiga mchana, karibu na dirisha lisiloingiza jua moja kwa moja, na taa za ndani nazizima, maana mwanga wa taa ukichanganyika na wa mchana, rangi nyeupe inakuwa ya manjano upande huu na ya bluu upande ule. Ya pili naipiga kwa karibu, mwanga ukitokea ubavuni, ili mikwaruzo ya brashi ionekane ilivyo. Kisha naonyesha ukingo na mgongo: turubai ilivyokazwa kwenye mbao, sahihi ilipo. Mwisho naitundika juu ya kiti na kuipiga hapo, kwa sababu kila mtu anajua kiti kina kimo gani. Hiyo ya kiti ndiyo inayouza. Mteja akiiona, haniulizi tena kama picha ni kubwa au ndogo, ananiuliza itamfikia lini.

Vichujio vya kupendezesha rangi sivitumii kabisa. Mtu akifungua mzigo akakuta bahari imefifia kuliko ile aliyoiona kwenye simu, ana haki ya kuirudisha. Na wenye hofu ya kuibiwa kazi wasiache kuposti kwa sababu hiyo. Wapunguze tu ukubwa wa faili. Picha yenye pikseli (zile nukta ndogo zinazounda picha ya simu) 1,200 kwa upande mrefu inapendeza vizuri kwenye simu, lakini ukitaka kuichapa kwa ubora wa kawaida wa uchapaji, yaani nukta 300 kwa inchi, unapata kijipicha cha sentimita 10 hivi.

Maelezo nayo yasifanywe mashairi. Urefu na upana kwa sentimita, aina ya rangi, imechorwa juu ya nini, mwaka, ina fremu au haina, itasafiri ikiwa bapa au imeviringishwa ndani ya mrija. Na bei. Hapa natofautiana vikali na wenzangu wanaoandika "bei inboksi". Wanaamini kuficha bei kunaanzisha mazungumzo. Mimi naamini kunamfukuza yule mteja ninayemtaka kuliko wote: mtu ambaye hajawahi kununua mchoro maishani mwake, ameupenda wa kwangu, ana pesa kidogo aliyoidunduliza, na anaona haya kuuliza asije akaonekana hana uwezo. Huyo hataandika inboksi. Atapita kimya, na wewe hutajua kamwe kwamba alikuwepo.

Kuhusu masoko yenyewe, piga hesabu kabla ya kulalamika. Etsy, soko la mtandaoni la kazi za mikono lililoanza mwaka 2005, inatoza senti 20 za dola kwa kila bidhaa unayoiweka, na baada ya miezi minne unalipa tena ukitaka iendelee kuonekana, hata kama haikununuliwa. Aprili 2022 makato yake kwa kila mauzo yalipanda kutoka asilimia 5 hadi 6.5, na wauzaji wengi wakafunga maduka yao kwa muda kwa hasira. Niliielewa hasira hiyo, hasa kwa kuwa makato yanagusa hata gharama ya usafirishaji unayomtoza mteja. Saatchi Art, soko la mtandaoni la kazi za sanaa, yenyewe inachukua asilimia 40, na majumba ya sanaa ya kawaida mara nyingi huchukua nusu. Tofauti ni nani anafanya kazi ya kumshawishi mnunuzi. Pale Etsy ni wewe, tena umepangwa pamoja na watu wanaotafuta zawadi ya haraka. Ndiyo maana huko napeleka nakala zilizochapwa na michoro midogo tu. Turubai kubwa zinahitaji mnunuzi aliyekufuatilia kwa muda, na huyo anapatikana zaidi kwenye mitandao ya kijamii.

Ila usimwache akae huko peke yake. Instagram ilipoanza mwaka 2010 ilikuwa ya picha, na waliokufuata waliona posti zako kwa mpangilio wa muda. Mwaka 2016 algoridhimu, yaani programu inayopanga posti, ikaanza kuamua nani aone nini, na mwaka 2020 zikaja video fupi za Reels. Msanii aliyekuwa na wateja wake wote mle ndani alilazimika kujifunza upya namna ya kuwafikia watu waliokwisha mchagua. Hilo linaniuma, kwa sababu nawajua wachoraji hodari walioacha kuonekana ilhali kazi zao zilikuwa zinazidi kuwa nzuri. Mimi kila anayenunua namwomba barua pepe na ruhusa ya kumwandikia. Daftarini naandika amenunua ipi, lini, na aliniambia nini kuhusu ukuta wake. Nikimaliza kazi mpya, hao ndio wanaoiona kwanza, na mara nyingine haifiki hata kuposti.

Nimalizie na jambo ambalo wanaoanza hawaambiwi. Atakuandikia mtu kwamba mke wake ameipenda kazi yako, wanahamia nchi nyingine, na msafirishaji wao atakuja kuichukua. Anatuma hundi yenye kiasi kikubwa kuliko bei, kisha anakuomba ile ziada umpelekee msafirishaji. Baada ya siku au wiki kadhaa benki inagundua hundi ni ya uongo, na pesa uliyotuma imekwenda. Utamtambua kwa sababu haulizi chochote kuhusu picha: si ukubwa, si rangi, wakati mwingine hata haitaji ni ipi anayoitaka. Mnunuzi wa kweli ana maswali mengi mpaka dakika ya mwisho. Huyu mwingine mjibu kwamba hupokei hundi, na mzigo haufungwi mpaka benki yako ithibitishe kwamba malipo yamekamilika.