Re: Mwalimu wa MBA (shahada ya uzamili ya biashara) ya jioni, profesa au mfanyabiashara?
Ndugu, umeuliza nani anafaa zaidi kuwafundisha watu walio kazini, profesa au aliyetoka kwenye biashara. Tafuta programu yenye wote wawili. Profesa atakufundisha kusoma hesabu za kampuni hadi uone faida ipo kwenye karatasi ila fedha taslimu hakuna. Yule mwingine atakueleza namna ya kuongea na benki hali ikiwa hivyo. Ila uzoefu peke yake hautoshi, wapo mameneja hodari wanaopiga stori kipindi kizima. Omba kuhudhuria darasa moja kabla ya kulipa ada. Kwenye mjadala wa visa, yaani mifano ya matatizo ya kampuni, mbinu iliyokuzwa na chuo cha Harvard cha Marekani, angalia kama mwalimu anawabana wanafunzi kwa maswali au anasoma slaidi tu. Na uulize muhula wako utafundishwa na nani hasa.