Siku Nne za Jangwani: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Safari ya Dubai

SWALI: Mhariri, salaam. Mimi na mume wangu ni wafanyabiashara wa korosho hapa Mtwara Mjini. Mwaka 2027 tunatimiza miaka 20 ya ndoa, na tumeazimia kujipa siku 4 za mapumziko Dubai, mahali ambapo hatujawahi kufika. Tunataka kuonja raha za kitajiri, ila hatupendi kurudi tukiwa tumeona maduka peke yake. Jangwa nalo tulione. Tumepanga kupanda Burj Khalifa, kwenda jangwani kwa magari, kuruka kwa puto, kuzuru soko la dhahabu, kisha kwenda Abu Dhabi kuuona Msikiti wa Sheikh Zayed na bustani ya michezo ya Ferrari. Mume wangu anapendekeza Julai, wakati biashara imelala na hoteli ni rahisi. Je, mpango huu unafaa?
— Mama wa watoto watatu, Mtwara

JIBU: Dada yangu, hongereni kwa miaka hiyo 20. Nianze na hoja ya shemeji yangu, kwa kuwa ndiyo itakayoamua mengine yote. Ni kweli kwamba hoteli za Dubai hushusha bei mwezi Julai, lakini hushusha kwa sababu joto la mchana hupita nyuzi 40, na mvuke wa bahari huongeza uzito wa joto hilo kiasi kwamba mgeni hutoka kwenye kiyoyozi na kukimbilia kiyoyozi kingine. Maputo hayaruki katika miezi hiyo ya kiangazi, na kukaa kambini jangwani jioni hugeuka adhabu. Mtakuwa mmelipa nusu bei kwa nusu ya safari, na nusu iliyokosekana ndiyo hasa mnayoifuata.

Miezi mizuri ni kuanzia Novemba hadi Machi. Novemba na Desemba ninyi mna minada, na hakuna mfanyabiashara wa korosho atakayewaacha vyama vya msingi na maghala wakati huo akapate usingizi ugenini. Februari nayo ina Ramadhani, ambayo mwaka 2027 inatazamiwa kuanza karibu na tarehe 8. Kusafiri Ramadhani si kosa, na futari za huko ni za kukumbukwa, ila ratiba ya mji hubadilika, na mtu aliyefunga hapaswi kurushwa juu ya vilima vya mchanga alasiri. Kwa hiyo nawashauri mchague nusu ya pili ya Januari. Mchana joto huwa kama nyuzi 24, na usiku jangwani baridi yake ni kali kuliko ile ya Newala mwezi Julai, jambo linalowashangaza wengi wanaodhani jangwa ni joto saa zote. Fungasheni masweta.

Januari ina gharama yake upande wetu, kwani ni mwezi wa mvua. Mnakumbuka Mei 2024 barabara ilivyokatika Somanga, magari yakakwama pande zote mbili. Hata mkienda Dar es Salaam kwa ndege, ambayo huchukua kama saa moja, msipange kuondoka Mtwara asubuhi na kuunganisha safari ya Dubai siku hiyo hiyo. Laleni Dar usiku mmoja, na usiku huo msiuhesabu ndani ya zile siku 4. Kutoka Dar kwa ndege ya moja kwa moja ni kama saa tano na nusu, na saa za Dubai zimetangulia zetu kwa saa moja tu.

Viza ya Falme za Kiarabu Mtanzania huipata kabla ya kuondoka, na pasipoti iwe na uhai wa miezi 6 au zaidi. Ombeni kupitia shirika la ndege mtakalosafiri nalo, hoteli yenu au wakala mwenye leseni. Ndugu yangu mmoja alimlipa mtu wa mtaani fedha taslimu, akapewa karatasi yenye mhuri wa kupendeza, na uwanjani akaambiwa kwamba viza hiyo haimo kwenye mfumo. Alirudi nyumbani na begi lake.

Sasa niseme juu ya orodha yenu. Futeni Abu Dhabi. Msikiti wa Sheikh Zayed ni mzuri mno, sikatai, lakini uko mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari kila upande, na mkiongeza bustani ya Ferrari siku nzima imekwisha barabarani na kwenye foleni. Mwenye siku 4, ambazo kwa kweli ni 3 ukiondoa za viwanja vya ndege, hana ya kugawa. Itoeni siku hiyo kwa jangwa.

Kuna namna mbili za kulijua jangwa, na bei zake zimeachana sana. Ya kwanza ni ile ya wengi: gari huwachukua hotelini alasiri, huwapeleka kwenye mchanga mwekundu wa Lahbab, na kabla ya kuingia dereva husimama apunguze upepo wa matairi ili yatanuke na kuukalia mchanga badala ya kuuchimba. Mtu wa Msimbati haelezwi zaidi, anajua mchanga mkavu unavyomeza gurudumu. Kisha gari hupanda na kuporomoka juu ya vilima kwa muda, abiria wakipiga kelele, na baadaye huja kambi yenye ngamia, kuteleza kwa ubao, hina, nyama choma na ngoma. Inafurahisha. Hata hivyo mtakuwa mmelizunguka jangwa pamoja na mamia ya watu wengine, na ikifika saa tatu au nne usiku mtakuwa mmerudi kwenye taa za mji.

Namna ya pili ni kulala huko huko, na hapa ndipo ningetumia fedha ya anasa yote, hata kama usiku mwingine mtakaa hoteli ya kawaida Deira, upande wa mji wa kale. Hifadhi ya Jangwa ya Dubai ina kilomita za mraba 225, na ndani yake imo hoteli ya Al Maha, ambayo kila nyumba yake ina bwawa lake la kuogelea linalotazama mchanga. Jina hilo kwa Kiarabu ni la choroa wa Arabuni, mnyama mweupe mwenye pembe ndefu ambaye alitoweka porini mwaka 1972 kwa kuwindwa, akarudishwa kutokana na waliofugwa, na sasa hutembea hifadhini humo hadi karibu na nyumba za wageni. Bei yake inauma, nisiwafiche, lakini kwa kawaida milo na matembezi ya jangwani pamoja na mwongozaji huwa ndani ya bei hiyo. Hakikisheni kabla ya kulipa. Alfajiri yake ndiyo saa ya jangwa: mchanga bado baridi, nyayo za mbweha na mende zikisomeka kama mwandiko, na kimya ambacho sisi watu wa pwani, tuliozaliwa na mawimbi masikioni, hatujawahi kukisikia. Puto nalo hupaa kabla jua halijachomoza, kwa hiyo msilipange asubuhi hiyo hiyo. Chagueni moja, na mimi ningechagua kutembea kwa miguu.

Burj Khalifa ipandeni, kwani jengo la mita 828 halionekani kila mahali. Kateni tiketi mapema mtandaoni. Saa za machweo huwa ghali zaidi, na asubuhi ni nafuu na hapana msongamano. Urefu wake si wa mchezo: mwaka 2011 mwongozo wa kidini wa Dubai uliwaelekeza wakaao juu ya ghorofa ya 80 kufuturu dakika 2 baada ya watu wa chini, na walio juu ya ghorofa ya 150 dakika 3, kwa sababu huko juu jua bado linaonekana.

Kitu kimoja hamkukiandika, nami nakiongeza bila kuulizwa. Nendeni Khor, mkono wa bahari unaougawa mji wa kale, mvuke kwa mashua iitwayo abra kutoka Deira hadi Bur Dubai. Nauli ya kuvuka ni dirhamu 1 tu. Gatini mtaona majahazi yakipakia mafriji na matairi, na ng'ambo mtaingia mtaa wa Al Fahidi wenye minara ya kunasa upepo. Mkiwa ndani ya nyumba za zamani inueni macho mtazame dari. Nyumba za kale za Ghuba ziliezekwa kwa boriti za mikoko zilizosafirishwa kutoka pwani yetu ya Afrika Mashariki, na urefu wa boriti ndio uliopima upana wa vyumba. Aliyekulia karibu na Mikindani, ambako majahazi ya kaskazi yalitia nanga kwa karne nyingi, atajihisi si mgeni kabisa.

Soko la dhahabu liko Deira, hatua chache kutoka gatini. Dhahabu huuzwa kwa uzito kwa bei ya siku, ambayo hubandikwa dukani. Mnachoweza kubishania ni ujira wa sonara. Ombeni risiti ya kurudishiwa kodi ya asilimia 5, na mkaishughulikie uwanjani kabla ya kukabidhi mabegi. Mahesabu yenu fanyeni kwa dola, kwa kuwa tangu mwaka 1997 dirhamu imefungwa kwenye dola, 3.6725 kwa dola 1, na kinachoyumba ni shilingi yetu. Tengeni pia fedha ya amana ambayo hoteli hushikilia mnapoingia, na ushuru wa utalii wa dirhamu 7 hadi 20 kwa chumba kila usiku kutegemea daraja la hoteli.

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu. Wanangu wananipeleka Dubai kwa siku 3. Nina maumivu ya mgongo na hutumia vidonge vya tramadol. Je, niende navyo, na hayo magari ya mchangani yatanifaa?
— Mstaafu, Lindi

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Vidonge hivyo msivichukulie kama panado. Tramadol na dawa zenye kodeini zinadhibitiwa vikali katika Falme za Kiarabu, na msafiri hutakiwa kupata kibali cha mamlaka za huko kwa njia ya mtandao kabla ya kusafiri, akiwa na cheti cha daktari na maelezo ya ugonjwa. Waambie wanao waanze kushughulikia kibali hicho mapema, au umwombe daktari wako akubadilishie dawa kwa siku hizo. Dawa ibaki kwenye pakiti yake yenye jina lako.

Magari ya vilimani usipande. Mrusho wake ni wa ghafla, na waandaaji wenyewe huwakataza wenye matatizo ya mgongo, wagonjwa wa moyo na wajawazito. Waombe wakupeleke kambini kwa njia ya kawaida bila kupita vilimani, jambo linalowezekana likisemwa wakati wa kulipia. Utamwona kozi akirushwa na kurudi mkononi mwa mfugaji wake, utakunywa kahawa chungu kwa tende, na wajukuu watakusimulia yaliyowapata mchangani.

SWALI: Je, mtu anaweza kuzunguka Dubai bila teksi, na mwanamke avae nini?
— Msomaji, Masasi

JIBU: Anaweza kwa sehemu kubwa. Treni ya mjini, iliyozinduliwa Septemba 2009, hupita karibu na Burj Khalifa na kufika uwanja wa ndege, lakini kwenye jengo la 1 na la 3 peke yake. Ukishukia jengo la 2 utahitaji teksi au basi. Nunua kadi ya kulipia nauli iitwayo Nol, panda, na usile wala kutafuna chochote ndani, kwa maana faini ni dirhamu 100. Yapo mabehewa ya wanawake na watoto, na wanaume wanaoingia humo bila kusoma kibao hutozwa faini.

Mavazi hayana ugumu kwa mtu wa Kusini. Gauni la kitenge lenye kufika chini ya magoti na mabega yaliyofunikwa linatosha madukani na sokoni, na mtandio uwe mkobani kwa ajili ya msikitini. Jangwani vaa suruali pana na viatu unavyoweza kuvivua haraka, kwani mchanga utaingia tu.