Gari la kulala: vitu vikae wapi?

Fundi wa samani akikuuliza unataka makabati ya namna gani, mwambie bado. Naijua hamu yenyewe. Gari limeshapatikana, viti vya abiria vimeng'olewa, sakafu imewekwa plaiwudi, na kila ukichungulia mle ndani unaona droo hapa, rafu pale, meza ya kukunja kule. Subiri. Nunua kreti za plastiki, zile wanazobebea nyanya sokoni, tafuta mabegi mawili matatu ya kitambaa na mikanda ya lori yenye mkono wa kukazia, kisha safiri hivyo hivyo. Nenda Jinja, nenda Fort Portal, lala huko. Utajua ni kitu gani unakitafuta kila mkisimama na kipi hakijaguswa tangu mtoke Kampala. Ukishajua hayo, mchoro wa makabati utakuwa umejichora wenyewe.

Letu ni Toyota HiAce, umbo hili jipya ambalo makondakta wanaliita drone. Kama lako ni Noah au Super Custom, mambo ni yale yale, ila nafasi inabana zaidi. Kwenye HiAce ndefu isiyo na paa la kuinuliwa, nyuma ya viti vya mbele unapata kama mita 3 za urefu, mita moja na nusu ya upana, na kimo cha sentimita 130 hivi. Hicho kimo ndicho kinachoamua karibu kila kitu, na ndicho watu wanachokipima mwisho.

Hebu tupige hesabu. Mtu mzima akikaa kitako, kutoka anapokalia hadi utosini ni kama sentimita 90. Toa kwenye 130, unabaki na 40. Uso wa godoro ukizidi hapo, siku ya mvua mtakula mmeinamisha shingo, na mvua ya Kigezi haina haraka ya kuondoka. Godoro lichukue 7, ubao na fremu 3 au 4, basi chini ya kitanda zimebaki sentimita 30 tu. Sasa leta jerikani yako ya njano ya lita 20 uisimamishe hapo. Haiingii. Ukiilaza, mfuniko wake siku moja utakulegea tu, na maji yote yataishia kwenye plaiwudi. Sisi tunabeba maji katika jerikani ndogo ndogo, za lita 10 na za lita 5, na kila moja tuliipima kwa futi ya fundi dukani kabla ya kulipa, kwa sababu viwanda havikubaliani juu ya maumbo. Faida nyingine ni mgongo. Lita 20 ni kilo 20, na kuzivuta kutoka chini ya kitanda ukiwa umepiga magoti si kazi ya mtu aliye likizo.

Uzito ndio mjadala mkubwa mtakaokuwa nao na fundi. Shiti ya plaiwudi ya milimita 18, ya futi 8 kwa 4, ina kilo 30 na ushee. Ya milimita 9 ni karibu nusu ya hapo. Ukimwachia fundi aliyezoea vitanda vya harusi, atatumia ile nene kila mahali, tena aipambe kwa mbao ngumu, na gari litakuwa limebeba zaidi ya kilo mia moja kabla hujaweka hata sufuria.

"Dada, hii itakaa miaka ishirini," fundi mmoja wa Nsambya aliniambia, akigonga kipande cha mvule.

"Fundi, mvule ni wa mlango wa nyumba. Mimi nipe mbao za musizi."

Alinitazama kwa huruma, kama mtu aliyegundua kwamba mteja hana pesa. Lakini musizi ni mwepesi, Ndeeba unapatikana, na ukiutumia kwa fremu ya ndani kisha ukafunika kwa plaiwudi ya milimita 9, unapata kabati imara ambalo mtu mmoja analiinua. Upake vanishi pande zote, hata zile zisizoonekana, maana wadudu wa mbao wanaupenda. Ubao wa unga ulioshindiliwa, ule wa samani za bei rahisi, usiuweke kwenye gari kabisa. Skrubu zake hulegea kwa mtikisiko, na ubao wenyewe ukilowa maji huvimba.

Kwa kitanda chenyewe ninapendelea chuma. Mafundi wa Katwe watakuchomea fremu ya paipu nyembamba za mraba kwa vipimo vyako, wala haitalia kwii-kwii usiku kama ya mbao. Ifunge kwa boliti na nati kwenye mashimo yale yale yaliyoshika viti vya abiria, ikiwa gari lako lilikuwa nayo, kwa sababu hapo sakafu iliandaliwa kubeba mzigo. Ukilazimika kutoboa mashimo mapya, ingia kwanza uvunguni uone. Tangi la mafuta, mabomba ya breki na kebo ya hendibreki vinapita huko. Na usisahau kwamba injini ya HiAce iko chini ya viti vya mbele. Ukijenga sanduku lililogusa migongo ya viti, siku fundi makanika anataka kukiinua kiti atakubomolea samani.

Vizito vikae chini na kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma: maji, betri ya ziada, chakula cha makopo, mtungi wa gesi. Makabati ya juu, yale ya kuning'inia karibu na dari, mimi siyapendi, ila kama lazima yawepo, basi yabebe nguo, taulo na mkate. Uzito ukipanda juu gari linayumba kwenye kona, na barabara ya kwenda Kabale ina kona. Tena kuna teksi itakayokukatia mbele bila taa ya ishara, nawe utashika breki kwa nguvu zote. Wakati huo chochote kisichofungwa kinaelekea kichwani kwa dereva. Ndiyo maana mikanda ya lori haijatoka garini mwetu hata baada ya makabati kukamilika. Mipira ya tyubu wanayofungia mizigo waendesha boda ni mizuri kwa mkeka na mito, lakini jerikani na mtungi vinataka mkanda.

Droo nazo zina tabia zake. Za jikoni tumeziweka nyuma kabisa, zinavutwa kwa nje, kwa sababu mlango wa nyuma wa HiAce hufunguka kwenda juu na kuwa paa: mnapika mkiwa wakavu hata kukinyesha. Sumaku za kushikilia milango ya kabati hazifai kitu. Tuta la kwanza la barabara ya Masaka litakufungulia droo zote na vijiko vitamwagika. Weka komeo, la chuma, linalofungwa kwa mkono na kusikika likiingia. Na liwepo jingine la kuzuia droo ikiwa wazi, kwa sababu Kisoro na Kabale hutapata mahali palipo tambarare pa kuegesha, na droo iliyojaa sufuria ikirudi kwa kasi inaumiza vidole. Reli za chuma zenye gololi zinateleza vizuri mjini, lakini zikipata vumbi na grisi pamoja zinakwama. Kwa droo nyepesi, ubao juu ya ubao uliosuguliwa nta ya mshumaa unatosha, na mshumaa unauzwa kila kijiji.

Vumbi! Ukitoka lami, kwa mfano ukielekea mbuga ya Kidepo, vumbi halikusubiri ufungue dirisha. Gari linapokwenda, hewa ya nyuma yake huzunguka na vumbi hujikusanya hapo, kisha hufyonzwa ndani kupitia kila upenyo wa mlango wa nyuma, hasa ukiwa umefungua kioo cha nyuma. Funga vioo vya nyuma vyote, washa feni ya mbele ivute hewa safi ndani, na badilisha mpira wa mlango wa nyuma kama umechakaa. Feni ikisukuma hewa ndani, vumbi linapata shida kuingia. Hata hivyo litaingia kidogo, kwa hiyo vyombo vya kulia vikae kwenye visanduku vyenye vifuniko vya kubana, na nguo za kulalia kwenye begi la zipu. Rafu za wazi achia watu wa lami.

Kinyume chake ni unyevu. Watu wawili wakilala ndani ya gari usiku wa baridi ya Kabale, asubuhi mabati yanatoka jasho. Kabati lililobanwa moja kwa moja kwenye bati la gari litaotesha ukungu kwenye nguo. Acha upenyo wa vidole viwili nyuma yake, na toboa matundu machache juu na chini hewa ipite.

Gesi isichukuliwe kimzaha. Ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja haipandi, hutuama sakafuni chini ya kitanda mnacholalia. Mtungi wetu mdogo wa kilo 6 una sanduku lake, umesimama wima, umefungwa mkanda, na sakafu ya sanduku ina tundu linalotokea nje chini ya gari. Gari likiondoka, koki imefungwa. Wenye kupikia sigiri, makaa yenu yawe kwenye debe lenye mfuniko, na sigiri yenyewe isiingie ndani ikiwa na moto hata iwe baridi gani, hata kama imebaki majivu mekundu tu. Moshi wake usioonekana unaua watu wakiwa usingizini.

Kuhusu chakula, fikiria nyani. Wale wa Karuma wanakaa kando ya barabara wakisubiri madereva wenye huruma, na wameshajua dirisha ni nini. Ndizi mbivu ikikaa dashibodi si yako tena. Chakula chetu chote kinakaa sehemu moja yenye komeo, mbali na madirisha. Mukene wakavu, yaani dagaa, na samaki wa moshi tunawafunga mara mbili kwenye mifuko kisha kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana, maana harufu yao ikishaingia kwenye godoro, haitoki.

Jeki, spana ya magurudumu, pembetatu za onyo, tochi na kisanduku cha huduma ya kwanza visiwe chini ya kitanda. Mahali pake ni pale unapoweza kufikia umesimama nje, usiku, mtoto akiwa amelala. Jaribu siku moja ukiwa nyumbani: tandika kitanda, zima taa, kisha vitafute.

Kuna jambo moja ambalo michoro ya wenzetu wa Ulaya haina kabisa. Kila pembe ya gari lao imejazwa kabati, kwa sababu wao wanarudi na walichoondoka nacho. Wewe utapita Lukaya na Namawojjolo, utasimama kununua nyama na gonja, zile ndizi za kuchoma, utakuta mananasi barabarani, na ukitoka Mbarara bila mkungu wa matoke, mama mkwe atakuuliza ulikwenda wapi. Kabale kuna viazi. Basi acha nafasi tupu kwa makusudi, na mtu akikushauri uiwekee rafu, mkatalie. Yetu iko kwenye mlango wa kuteleza upande wa kushoto, kutoka sakafuni hadi chini ya kioo, ina kulabu mbili za mkanda na kipande cha wavu mzito. Mkungu mmoja unasimama hapo pamoja na gunia dogo la viazi. Mananasi huenda mbele, miguuni pa mume wangu, ambaye huwa analalamika kuanzia Masaka mpaka nyumbani.